STRIMA YA BEI YA KATI: Usinunue boksi litakalokuwa bubu kabla hujamaliza deni

Na Mwandishi Wetu

KAMA wewe bado ni wale wanaotumbukiza simu kwenye glasi ili muziki utoke kwa sauti kubwa, ukurasa huu leo si wako, rukia ule wa mapishi. Leo naongea na kijana mwenye amplifaya yake sebuleni, ya kurithi au ya kununua kwa jasho, na spika mbili zinazojiheshimu. Huyo sasa anataka nyimbo za simu na za kompyuta zitoke kwenye mzigo huo, bila kuvuta waya chumba kizima mpaka wageni wanajikwaa.

Kinachomfaa kinaitwa strima. Na neno langu nalitoa mapema, usije ukasema nilikuficha: katika strima za bei ya kati, sauti karibu zote ni safi. Cha kuulizia ni uhai wa programu yake, na kama boksi hilo linaweza kupiga nyimbo zako mwenyewe siku intaneti imekatika au kampuni iliyolitengeneza imechoka kulilea. Yaliyobaki ni mbwembwe za wauzaji.

STRIMA NI MDUDU GANI?

Ni kisanduku kidogo, vingine havizidi sahani ya chai. Hakina spika na hakina nguvu ya kusukuma spika. Kinaingia kwenye mtandao wa nyumbani kwa Wi-Fi au kwa waya, kinachota wimbo kutoka huduma za intaneti au kutoka kwenye kompyuta yako, kinaugeuza kutoka namba kuwa sauti, halafu kinaupeleka kwenye amplifaya kupitia zile waya mbili, nyekundu na nyeupe, ambazo wakubwa zetu walikuwa wanachomekea deki. Simu yako inabaki kuwa rimoti tu.

Hapo ndipo inapoachana na Bluetooth. Kwa Bluetooth wimbo lazima upite kwenye simu. Shangazi akipiga, muziki unakatika. Ukitoka kwenda kwa Mangi kununua mkate na simu mfukoni, sherehe imekwisha. Tena Bluetooth huubana wimbo upya ili upite. Strima inachota yenyewe: wewe ongea na shangazi mpaka salio liishe, ngoma inaendelea.

Sasa kuipata. Wiki iliyopita nilizunguka Kariakoo maduka manne. La kwanza waliniletea boksi la televisheni. La pili, spika yenye taa za disko na maiki mbili. La tatu, kidude cha Bluetooth cha kwenye gari. La nne muuzaji alinisikiliza kwa heshima zote, akakuna kichwa, akasema, “Bosi wangu, hicho unachokitaka kitakuwa ni cha kuagiza.” Huyo nilimpenda, alisema kweli.

Na kitu cha kuagiza ukikosea, ndugu yangu, kukirudisha ni shughuli nyingine. Ndiyo maana inabidi uchague ukiwa na akili timamu, kabla mshiko haujatoka mfukoni.

KIJANA WA TABATA NA NYIMBO ZA MZEE

Nina mdogo wangu mmoja Tabata, si wa damu ila tunaheshimiana. Amejinyima mwaka mzima, anakula chipsi kavu, mpaka kafikisha Sh 1,200,000. Amplifaya anayo ya mitumba, ya Kijapani, na spika za sakafuni. Marehemu baba yake alimwachia kaseti sanduku zima: Marijani Rajabu, Mbaraka Mwinshehe, bendi za enzi zile. Kijana kazihamishia kwenye kompyuta moja baada ya nyingine, usiku usiku, sasa zimejaa kwenye diski ya nje, ile mafundi wanayoiita eksteno.

“Kaka,” akaniambia, “nataka Mama akae sebuleni asikie nyimbo za Mzee zikitoka kama zamani. Na mimi nataka za kwangu za intaneti. Ninunue ipi?”

Swali linaonekana dogo, kumbe ndilo lenyewe. Maana nyimbo hizo usizichukulie poa. Zamani hapa Bongo bendi nyingi zilirekodi kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, na watu wakazinasa majumbani kwa redio kaseti. Baadhi utazikuta kwenye huduma za intaneti, nyingine hutazikuta kabisa, na nyingine ukizikuta jina la wimbo limekosewa. Kwa hiyo strima inayojua intaneti peke yake, kwa kijana huyu, ni nusu ya strima.

Hata hizo zilizoko kwenye intaneti ni za kukodi. Januari 2022 Neil Young alitaka nyimbo zake zitolewe Spotify na zikatolewa. Hazikurudi mpaka Machi 2024. Waliokuwa wanazipenda na kuzilipia walibaki wanatoa macho. Wimbo ulio kwenye diski yako haukuagi namna hiyo.

MABOKSI YALIYOKUFA MIKONONI MWA WATU

Hapa naomba umakini, kwa sababu ndipo watu wanapoingizwa mjini. Redio ya zamani ilikufa kwa kuungua. Strima inaweza kufa ikiwa nzima, taa inawaka, haijapata hata mkwaruzo. Inakufa kwa sababu kuna kompyuta ya mtu huko mbali imezimwa.

Chukua Chromecast Audio ya Google. Ilitoka 2015 kwa dola 35, kidude cha mviringo kama sahani ndogo, watu wakakipenda. Januari 2019 Google wakatangaza kwamba hawatengenezi tena. Waliokuwa navyo wakaendelea kuvitumia. Halafu Machi 2025 vikagoma ghafla, kwa sababu cheti cha kidijitali kilichokuwa ndani yake muda wake ulikwisha. Google wakatoa dawa ndani ya siku chache, lakini somo lilishapatikana: kitu ulichokilipia, kilichoko kwenye kabati lako, kimezimwa na tarehe.

Au Sonos, kampuni kubwa ya Marekani. Mei 2024 walileta programu mpya ya simu, na wateja wakakuta baadhi ya mambo waliyoyazoea hayamo tena, zikiwemo saa za kuamsha na uhuru wao kwenye nyimbo za nyumbani. Kelele zilikuwa kubwa, Julai mkuu wa kampuni, Patrick Spence, akaomba radhi, na Januari 2025 akaondoka kwenye kiti. Vyuma vya Sonos havikuwa na kasoro hata kidogo. Kilichoharibika ni programu.

Sasa sikia upande wa pili. Squeezebox ilikuwa strima ya mwanzo mwanzo kabisa, ikaja kununuliwa na Logitech mwaka 2006. Mwaka 2012 uzalishaji ukasimama, na mwaka 2024 hata ile huduma yake ya intaneti ikafungwa. Ungetegemea yote yawe jalalani, siyo? Wapi! Programu yake ya kuhudumia nyimbo za nyumbani ilikuwa ya wazi, mtu yeyote anaweza kuirekebisha. Wapenzi wake wameitunza mpaka leo, inaitwa Lyrion Music Server, na maboksi hayo ya zamani yanaendelea kupiga muziki.

Tofauti ya hawa wawili umeiona? Mmoja alitegemea nyumba ya jirani, mwingine alikuwa na ufunguo wake. Kabla hujalipa uliza: hii inapiga nyimbo kutoka kompyuta au diski yangu kwa njia ya wazi, kama ile inayoitwa DLNA? Ina tundu la USB? Ina mlango wa kutoa sauti kwa waya wa mwanga ili kesho niiunganishe na kitu kingine? Muuzaji akianza kujiumauma, aga uondoke.

NAMBA ZA KUTISHANA

Kwenye maboksi utakuta namba kubwa kubwa: biti 24, kilohezi 192, mpaka 384. Usitetemeke. CD ilipoanza kuuzwa mwaka 1982 ilikuja na biti 16 na kilohezi 44.1, maana yake inaweza kubeba sauti mpaka karibu kilohezi 22. Sikio la binadamu kijana mzima mwisho wake ni karibu 20, na umri ukienda linapungua. Kwa hiyo CD tayari imeshakufikisha mwisho wa njia. Strima inayopiga biti 24 na kilohezi 192 vizuri imekumaliza; kuongeza laki tatu kwa ajili ya namba ya juu zaidi ni kumnunulia popo redio.

Na zile chipu za kugeuza namba kuwa sauti, zinazoitwa DAC, za ESS au za AKM, zilizoko kwenye maboksi haya zote ni nzuri. Shilingi yako ya kwanza iende kwenye spika, ya pili kwenye kuzipanga vizuri chumbani. Spika mbovu haiponi kwa strima ya bei mbaya.

BANDO NALO LINAKULA

Tupige hesabu. Muziki wa kilobiti 320 kwa sekunde, ambao ni kiwango kizuri tu, unakula MB 144 kwa saa. Ukisikiliza saa 2 kila siku, mwezi wa siku 30 ni kama GB 8.6. Ukipanda ngazi ya CD bila kubana ni MB 635 kwa saa. Ukiubana kwa FLAC, ambayo haipunguzi kitu kwenye sauti, unashuka mpaka nusu au theluthi mbili ya hapo. Mwezi mzima jiandae kwa GB 19 mpaka 25. Ile ya kilohezi 192 bila kubana ni GB 4 na ushee kwa saa moja! Hapo bando la wiki linaisha kabla wali haujaiva.

Lakini nyimbo za Mzee zilizoko kwenye diski hazili bando hata senti. Zinapita kwenye ruta ya nyumbani, au zinachomekwa moja kwa moja kwa USB. Hiyo ndiyo faida ya pili ya kuwa na nyimbo zako.

Jambo jingine: huduma zote haziuzwi kila nchi. Spotify ilifungua milango Tanzania, Kenya na Uganda mwaka 2021. Ile ya sauti isiyopunguzwa waliianza Septemba 2025 kwa wanaolipia, katika baadhi ya nchi. Kwa hiyo sifa za “inapiga huduma 20” zisikulevye; hesabu unazoweza kuzilipia hapa ulipo. Na kama programu yako pendwa haimo kwenye orodha ya strima, utarudi kulekule kwenye Bluetooth tulikokukimbia.

SOKO LENYEWE

Bei ya kati mimi naihesabu kati ya dola 150 na 600. Nazitaja bei za siku zilipotoka, na kwa hesabu ya mkononi naifanya dola kuwa Sh 2,500. Usafiri na ushuru ni juu yako, na bei hupanda na kushuka, kwa hiyo ulizia upya.

WiiM ndio waliochafua soko. WiiM Pro ilitoka kwa dola 149, Pro Plus ikafuata mwaka 2023 kwa dola 219, yaani kama Sh 547,500. Pro Plus inapiga biti 24 na kilohezi 192, ina tundu la waya wa mtandao, ina kutoa kwa waya wa mwanga, na inanyonya umeme wa volti 5 kwa waya wa USB-C kama simu. Kasoro yake kwa mtu wetu: haina tundu la kuchomeka diski. Nyimbo za nyumbani lazima zitoke kwenye kompyuta iliyowashwa au kwenye hazina ya mtandao.

WiiM Ultra ilitoka 2024 kwa dola 329, kama Sh 822,500. Hii ina kioo kidogo cha kuonyesha jina la wimbo, tundu la USB la kuchomeka diski, mlango wa santuri, mlango wa televisheni, na njia ya kutolea besi kwenye sabufa. Wenye iPhone wajue tu kwamba ilipotoka haikuwa na AirPlay, wakati Pro na Pro Plus wanayo.

Cambridge Audio MXN10 ni ya Waingereza, ilitoka 2023 kwa dola 499, kama Sh 1,247,500. Haina kioo wala madoido, lakini ina USB ya diski, kutoa kwa waya wa mwanga na wa koaksio, na ni kampuni iliyozaliwa kwenye hi-fi, haikuvamia jana.

Bluesound Node inatoka Canada, ndugu wa damu na NAD, na programu yao ya BluOS imekuwa sokoni miaka mingi. Ina USB na mlango wa televisheni. Bei yake huwa jirani na ya MXN10 au juu.

Sonos Port ilitoka 2019 kwa dola 399. Inawafaa waliokwisha kujaza nyumba na spika za Sonos. Haina USB ya diski na inaishia kilohezi 48, na yaliyotokea 2024 umeshayasoma hapo juu.

Kwa wale mafundi wa mtaa kuna njia ya mkato: kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, unaipachika kadi ya sauti, unaweka programu ya bure kama moOde au Volumio. Bei inashuka, na ufunguo wote uko mkononi mwako. Ila ikigoma Ijumaa usiku wageni wamekaa, fundi ni wewe.

UMEME, JAMANI UMEME!

Hapa kwetu nyumba inapokea volti 230. Ukiletewa amplifaya au strima iliyotumika kutoka Marekani, kule ni 120, na Japani ni 100. Geuza kifaa usome nyuma. Kikiandikwa 100-240 lala usingizi. Kikiandikwa 120 peke yake, bila transfoma ya kushusha unanunua moshi.

Umeme ukikatika, hiyo Pro Plus unaweza kuiwasha kwa powabenki. Swali ni moja tu: amplifaya nayo utaiwasha na nini? Cha maana zaidi ni kinachotokea umeme ukirudi. Kuna vifaa vinaurudia mtandao vyenyewe, na vingine vinataka uanze kuvibembeleza upya na neno la siri.

MAJARIBIO MATANO KABLA YA KULIPA

Ukipata nafasi ya kuijaribu dukani au kwa mwenzio, fanya haya:

Moja, chomoa intaneti kwenye ruta lakini ruta iache ikiwaka. Jaribu kupiga wimbo kutoka diski au kompyuta. Ikigoma, irudishe kwenye boksi lake.

Mbili, piga rekodi ya onyesho la jukwaani, zile za makofi yanayounganisha wimbo na wimbo. Kati ya nyimbo kusiwe na ukimya hata kidogo. Ukimya huo utakukera kila Jumapili ya maisha yako.

Tatu, zima umeme ukutani, hesabu mpaka 30, washa. Angalia inachukua muda gani mpaka muziki urudi bila kuishikashika.

Nne, mpe simu mtu asiyejua, mama au mdogo wako, mwambie atafute wimbo. Akishindwa ndani ya dakika 2, programu hiyo ni ya mafundi.

Tano, angalia kwenye duka la programu za simu lini programu yake iliboreshwa mara ya mwisho. Kama ni mwaka juzi, huo ni msiba unaosubiri kutangazwa.

MDOGO WANGU ALIAMUA NINI?

Tulikaa chini, tukapanga. MXN10 ilimvutia, lakini baada ya usafiri na ushuru ingemvua shati. Pro Plus ilikuwa rahisi, ila kompyuta ingebidi iwake kila Mama anapotaka kusikiliza, na Mama kompyuta haitaki hata kuigusa. Nikamwambia achukue Ultra, kwa sababu moja tu: lile tundu la USB. Eksteno ya Mzee inachomekwa pale nyuma, inakaa.

Kilichobaki kwenye Sh 1,200,000 kililipia kuiagiza mpaka ikafika, na chenji ikanunua stabilaiza na eksteno ya pili. Hiyo ya pili nilisisitiza mwenyewe. Nakala zote za nyimbo za marehemu zilikuwa kwenye diski moja, na diski nazo zinakufa. Sasa nakala ya pili inakaa kwa dada yake Mbagala, moto ukitokea Tabata, Mbagala kuna Marijani.

Na wewe unayesoma, fanya hesabu yako si ya kijana wa Tabata. Kama huna wimbo hata mmoja wa kwako na bando lako halina mwisho, Pro ya dola 149 inakutosha, chenji peleka kwenye spika. Kama una kaseti za nyumbani zinaoza kwenye sanduku, anza kuzihamisha wiki hii hii, kabla hata ya kuulizia bei ya boksi. Strima utaikuta sokoni mwakani, tena huenda bei imeshuka. Utepe wa kaseti ukishika ukungu haukusubiri.

Wiki ijayo, panapo majaliwa: spika za sakafuni kwenye chumba kimoja na sebule, na jinsi ya kuishi vizuri na mwenye nyumba.